Ukucha ya Kogo

Wacha niseme mapema: kwa hii hadithi, mjinga ni mimi. Na si ile ujinga ya kuchekesha, ile ya kukanyaga mavi ya ng'ombe na viatu vya kanisa. Hiyo ningekuwa nakuelezea nikicheka. Hii ni ingine. Ukiacha mtu mmoja wa nyumbani, nimeihadithia mara mbili tu, na mara zote mbili nilifika mahali pa uchungu nikaruka, nikaenda kwa mahali pa kicheko, kwa sababu hiyo ndio kazi watu wananijua nayo. Leo siruki.

Nyumbani ni huku juu ya Chepseon, kwa mteremko. Ukisimama kwa mlango wa jikoni ya kogo, yaani nyanya yangu, mama ya baba, ulikuwa unaona chai yetu imeshuka mpaka kwa mto, na ng'ambo, siku haina ukungu, unaona Tinderet imekaa kama ng'ombe amelala. Kogo ndiye alitulea, mimi na mdogo wangu, msichana. Mimi nilimaliza darasa la nane nikapata cheti, halafu karo ikabaki ya mtu mmoja. Huyo mtu akawa yeye, kwa sababu yeye alikuwa na akili na mimi nilikuwa na mdomo. Mdomo hauhitaji kulipiwa shule.

Kwa hivyo mimi ni mtu wa chai. Nachuna, nabeba kwa mgongo, napeleka kwa mizani. Mizani tunaita kale kabanda ka mabati kando ya barabara, mahali wakulima wote wa huku wanaleta majani, karani anapima, halafu tunangoja lori ya kiwanda. Hiyo lori huchelewa. Na mahali watu thelathini wanangoja lori na mvua inanyesha, mtu kama mimi ni muhimu kuliko karani. Walikuwa wananiita Profesa. Profesa wa darasa la nane.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, mdogo wangu alikuja na kitabu chake cha jiografia, cha form two. Nilikifungua nikitafuta picha. Nikapata mlima umekatwa katikati kama mkate, unaona mpaka ndani, na ndani kuna moto. Nikamwambia, "Hebu nieleze hii kitu." Akanieleza. Na mimi nikisikia kitu mara moja, kesho nakifundisha, hata kama nimesikia nusu.

Kitabu kilisema dunia imefunikwa na plates. Mimi nikatafsiri: sahani.

Siku iliyofuata lori ilichelewa vizuri. Hapo kando ya mizani kuna hoteli ya mama mmoja, wazazi wake walitoka Nyeri lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na anaongea Kipsigis kunishinda. Alikuwa ameweka sufuria kubwa ya chai kwa moto, imechemka, ameivuta kando, na ile ngozi ya maziwa ilikuwa imeshika juu. Nikachukua kijiko.

"Watu wangu," nikasema, "kujeni muone dunia."

"Wewe, toa mkono kwa chai ya watu," mama wa hoteli akasema.

"Mama, hii ni sayansi."

"Sayansi imenawa mikono?"

Watu wakacheka, wakasogea. Nikawaonyesha. Hii ngozi ya maziwa, nikawaambia, ndiyo ardhi. Nyinyi wote na mashamba yenu na madeni yenu mnaishi juu ya ngozi. Chini kunachemka. Na hii ngozi si moja, imekatika vipande vipande, na hivyo vipande ndio sahani, na zinaelea. Nikasukuma vipande viwili na kijiko vikutane. Hakuna mmoja alitaka kupisha mwingine, ngozi ikajikunja, ikapanda juu. "Hiyo ni milima," nikasema. "Ile mirefu ya upande wa India, yenye theluji, ilipanda hivyo. Nchi mbili zimesukumana kama wamama wawili kwa mfereji." Halafu nikazamisha kipande kimoja chini ya kingine. Huyu anayeenda chini, nikawaambia, anaenda kwa joto, na anashuka na maji yake, na hayo maji yanafanya mawe ya huko chini yayeyuke. Yakishayeyuka hayakubali kukaa. Yanatafuta tundu ya kutokea juu. Hiyo ndio volkano.

"Na sisi?" karani akauliza. "Hapa kwetu sahani zinafanya nini?"

"Sisi ni talaka," nikamwambia. Nikavuta ngozi pande mbili, taratibu, mpaka katikati ikawa nyembamba, ikapasuka, na chai nyekundu ikaonekana. "Hiyo ni Rift Valley. Afrika inaachana na mwenzake. Hapo katikati moto unapata mlango. Menengai imetokea hapo. Longonot imetokea hapo. Hata hii Tinderet mnaona imenyamaza hivi, zamani sana ilikuwa inatema moto, na huu udongo mwekundu chai yenu inapenda ni mawe ya moto yaliyooza. Kwa hivyo mkikunywa chai, mnakunywa majivu."

Kogo alikuwa amekaa kwa gunia lake la majani, pale mbele. Alikuwa hakosi kunisikiliza. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Weri," akaniita, maana yake kijana, hakuwahi kuniita kitu ingine. "Hizo sahani, nani alikula juu yake?"

Watu wakaanguka na kicheko.

"Ni Mungu, kogo. Alikula siku ya sita akasahau kuosha."

"Na zinaenda mbio?"

Hiyo mdogo wangu alikuwa ameniambia, na ndiyo kitu moja nilikuwa nakumbuka sawasawa. "Kama ukucha, kogo. Zinaenda vile ukucha inaota. Wewe umewahi kuona ukucha ikiota? Huoni. Lakini baada ya muda unatafuta wembe."

Kogo akaangalia kucha zake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, ile weusi ya utomvu wa chai, haitoki na sabuni. Akaziangalia, akageuza mkono, akaangalia tena, akasema, "Mh."

Januari akapata ile ufa.

Alikuwa anachuna chai ile ya juu ya jikoni, mguu ukaingia mahali. Akaniita. Ilikuwa nyembamba, ungeingiza kisu cha mkate na si mkono, lakini ilikuwa ndefu. Ilianza kwa ule mti wa blue gum, ikapita katikati ya mistari ya chai, ikazunguka mpaka karibu na ua wa jirani. Imepinda, kama mdomo wa mtu anayetabasamu. Mimi nilifurahi. Usinielewe vibaya, nilifurahi kabisa, kama mtu amepata mafuta kwa shamba lake.

"Kogo! Ni sahani! Ni mpaka umepita kwetu!"

Mdogo wangu alikuwa anapanga sanduku lake la shule. Akatoka, akapanda mpaka pale, akasimama, akaangalia ufa, akaangalia chini kwa jikoni, akaangalia juu.

"Hii si sahani," akasema.

"Ni nini kama si sahani?"

"Sahani zinaachana huko chini, nyuma ya Mau. Hapa si mpaka. Hapa ni mlima unataka kuteremka. Udongo tu. Si lazima ungoje ukucha."

"Nani amekuuliza?"

"Kitabu ni changu."

"Na mdomo ni wangu."

Kogo akacheka. Alikuwa akicheka anafunika mdomo na mkono, kwa sababu ya meno mawili ya chini ambayo yalitolewa akiwa msichana, vile walikuwa wanafanya zamani. Akacheka, na mdogo wangu akaninunia mpaka Jumatatu akarudi bodi, kwa bweni la shule. Akaenda na kitabu.

Mimi nikabaki na ufa. Kwa mizani nikaitembeza kama ng'ombe wa maonyesho. Nikawaambia kwetu kumekuwa mataifa mawili. Kutoka kwa ufa kwenda juu ni Afrika hii, kutoka kwa ufa kwenda chini ni Afrika ile ingine, na kogo akienda kukamua anavuka mpaka bila kitambulisho. Watu walikuwa wanakuja kuiona. Mama wa hoteli alikuja, akaruka huku, akaruka huko, akasema amesafiri.

Lakini shangazi, dadake baba, aliyeolewa Silibwet, akasikia kwa simu, na yeye hakucheka. Kwao ni tambarare, na kulikuwa na chumba. Akamwambia kogo ahamie huko mpaka mvua ipite. Kogo akaweka simu, akanigeukia.

"Unasema aje, weri? Nihame?"

Aliniuliza mimi. Hiyo ndio kitu sijui nitaiweka wapi. Alikuwa mtu ameona njaa na amezika mume na amezika baba yangu, na aliniuliza mimi.

"Kogo, nimekuambia hiyo kitu inatembea kama ukucha. Kabla ifike jikoni, wewe na mimi tutakuwa tumefufuliwa tayari."

"Ukucha," akasema.

"Ukucha."

"Sawa."

Nilifikiri hiyo ndio mwisho. Kumbe kwake hiyo ilikuwa mwanzo. Kogo hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa anajua kupima: maziwa alipima na jicho, mvua alipima na goti. Siku hiyo alichukua wembe akakata ukucha ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, mpaka kwa nyama. Hicho kidole hakichuni chai, chai inachunwa na kidole gumba na cha pili, kwa hivyo hakingemsumbua. Halafu akachonga vijiti viwili, akapanda juu kwa ufa, akapigilia kimoja upande huu na kingine upande ule, vimeinama vikagusana vichwa kama watu wanasalimiana. Na ile ukucha akaiacha iote.

Mimi niliona vijiti nikafikiri ni vya kufunga ndama.

Februari ikaisha. Siku moja asubuhi akaniita nikiwa natoka na kikapu.

"Weri, kuja uone."

Tukapanda. Akaweka kile kidole katikati ya vile vijiti. Ukucha ilikuwa imeota kiasi ya punje ya mchele. Na katikati ya vijiti ungepitisha vidole vitatu vimelala.

"Ukucha imeshindwa," akasema.

Alisema polepole, bila kunilaumu, vile mtu anakuonyesha ng'ombe ametoroka. Hakuwa ananiuliza swali. Alikuwa ananipa nafasi. Nimefikiria sana hiyo asubuhi, na ningeweza kusema "Kogo, umeona vizuri." Maneno matatu. Badala yake mdomo ukafanya kazi yake.

"Kogo, hiyo ukucha yako ni ya uzeeni. Haijakula mayai. Sahani ndio imekula mayai."

Akacheka. Akafunika mdomo na mkono wa kulia. Ule wa kushoto aliuacha pale pale, katikati ya vijiti.

Mwezi wa tatu mvua ikashika. Kwa mizani wamama wakaanza kumuuliza: kogo, unahama lini? Na kogo alikuwa ananiangalia mimi, na watu wakaanza kuniangalia mimi, na mimi nikaona heshima yangu yote ya Uprofesa imesimama kwa mguu mmoja. Nikapanda juu ya gunia.

"Sikilizeni," nikasema. "Kogo akihama kwa sababu ya hiyo ufa, mimi navaa sketi yake. Nachuna chai nayo mwezi mzima. Na Jumapili naenda nayo kanisa."

Makelele yaliyotoka hapo! Karani akasema yeye ni shahidi. Mama wa hoteli akasema atanipatia kitambaa cha kichwa, kifanane nayo. Mzee mmoja akauliza kama nitaketi upande wa wanaume ama wa wanawake. Kutoka hiyo siku kila nikifika kwa mizani, mtu anauliza, "Sketi iko tayari?" Na mimi najibu, "Inapigwa pasi." Kogo alikuwa hapo. Alicheka kama wote.

Dalili zilikuwa, na mimi ndiye nilizirekebisha. Mlango wa jikoni ukakataa kufunga, nikatafuta randa nikauchonga. Wiki ingine ukakataa tena, nikauchonga tena, nikamwambia kogo mbao imekunywa maji. Chemchemi ya chini ikaanza kutoa maji mekundu, nikasema ni ng'ombe za jirani. Ule mti wa blue gum ukainama, nikasema una heshima. Kila kitu mlima ulisema, mimi nilikuwa na jibu.

Ilikuwa Jumanne, wiki ambayo shule zilikuwa zinafunga Ijumaa. Ilikuwa imenyesha siku nne. Asubuhi kukawa na jua kidogo, kogo akaniambia nipeleke majani ya jana kabla yaharibike na joto kwa gunia, yeye ataweka chai kwa moto nikirudi nikute. Nikaenda. Saa tano hivi nilikuwa kwa mizani. Nakumbuka nilichokuwa nasema. Nilikuwa naigiza vile nitatembea na sketi kupanda mteremko, nimeshika pindo hivi na vidole viwili, na watu wamekufa na kicheko.

Tukasikia kama lori imemwaga mawe. Karani hata akasema, "Leo imekuja mapema." Wote tukageuka kuangalia barabara. Barabara haikuwa na kitu. Halafu mama wa hoteli, ambaye alikuwa ameangalia upande ule mwingine, akasema kwa Kikuyu, polepole, neno moja tu la kumwita Mungu.

Kwetu kulikuwa kwekundu. Mahali palikuwa kijani palikuwa pekundu, kutoka kwa blue gum mpaka kwa mto, kama mtu amechuna ngozi ya ng'ombe.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka kuchimba. Tulichimba na majembe, na wale hawakuwa na jembe walichimba na sufuria za hoteli, na mimi na mikono. Vichaka vya chai vilikuwa vimeshuka vikiwa vimesimama, mstari mzima na majani yake, vimepandwa upya mahali hakuna mtu alivipanda. Ng'ombe tulimpata mzima, amesimama kwa mto na matope mpaka shingo, anatafuna. Watu walikuwa wananiita kwa jina langu la nyumbani. Hakuna mtu aliniita Profesa. Saa tisa wakanishika mikono wakanitoa, na wamama wakasimama mstari, wakashikilia leso, nisione.

Sufuria ya chai waliipata karibu naye. Hiyo niliiona.

Kesho yake alikuja mtu wa kaunti na viatu virefu vya mvua. Akapima pima, akatueleza kwamba udongo wa hapa ni mzito na chini yake kuna mwamba laini, na mvua ikiingia kwa ufa inaenda kukaa katikati ya udongo na mwamba, na mlima unakuwa kama mtu amesimama kwa sabuni. Akauliza kama kulikuwa na ufa mbeleni. Watu wote wakaangalia chini. Hakuna mtu aliniangalia, na hiyo ndiyo ilinimaliza, vile walivyojaribu kutoniangalia.

Nikamuuliza, "Na sahani?"

"Sahani gani?" akasema.

Nimekuja kuelewa kwamba kitabu hakikudanganya. Mlima unapanda kama ukucha. Sahani zinasukumana, zinaachana, moto unatoka, mawe yanaoza, yanakuwa udongo, watu wanakuja kupanda chai, na hiyo yote ni ukucha, ukucha, ukucha. Lakini kushuka ni kitu ingine. Kushuka mdogo wangu alijua, na kogo alijua na vijiti viwili. Mimi niliyesoma nusu ukurasa ndiye sikujua.

Shangazi alikuja kutoka Silibwet, na ndiye alienda Kericho, kwa mochari, kumvalisha mama yake. Mimi nilingoja nje kwa benchi. Akatoka amekunja ile nguo ya zamani chini ya kwapa. Akakaa kando yangu. Akaniuliza, "Mbona mama alikuwa na ukucha moja ndefu? Moja tu. Hakuwa mtu wa kucha."

Nilikuwa na kila nafasi ya kusema.

"Sijui, shangazi," nikasema.

Mdogo wangu alifika Ijumaa, siku ile ile shule ilikuwa inafunga. Hakupitia kwa watu. Alienda akasimama juu, pale ufa ilikuwa, sasa ni ukingo, akaangalia chini. Nilikuwa nangoja aniambie nilikuambia. Nilikuwa nimejitayarisha. Akashuka, akanishika mkono, akasema tu, "Umekula?" Mpaka leo hajaniambia. Afadhali angeniambia.

Tulimzika upande wa barabara, pale juu kwa tambarare, kwa sababu wazee walisema hiyo ingine si ardhi tena ya kuaminia mtu. Kwa mazishi, mwenye kuongoza akaita wajukuu. Nikasimama mbele. Na nikaona kitu ambayo sitasahau: watu walikuwa wameanza kutabasamu. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamenizoea. Nikifungua mdomo wao wanatayarisha meno. Hata karani, na macho mekundu vile, alikuwa ametayarisha. Nikafungua mdomo hapakutoka kitu. Nikangoja. Mama wa hoteli akaanza wimbo, na wengine wakaushika, na mimi nikarudi kukaa.

Hakuna mtu amewahi kunitajia ile sketi. Kwa mizani bado naenda, na shamba la juu limebaki, mistari kumi na moja. Lori bado huchelewa. Siku hizi watu wanangoja na simu zao.

Mwezi wa nane nilienda Silibwet kumpelekea shangazi mahindi ya kuchemsha. Akaweka chai. Ikachemka, akaivuta kando, ikashika ngozi, na mimi nikajipata nimeangalia pembeni, kwa ukuta, kwa kalenda, mahali popote. Akaniuliza nina nini. Hapo nikamwambia. Nikamwambia yote, na bila kuruka: sahani, kijiko, vijiti, punje ya mchele, mayai, sketi. Nikamwambia ile siku ya benchi nilijua ile ukucha ni ya nini, na nikasema sijui.

Shangazi alikuwa amesimama na vikombe viwili kwa mkono. Akaviweka chini. Akakaa, ng'ombe wa jirani analia, mtoto anapita nje na gurudumu. Halafu akasema:

"Sasa ndio naelewa. Jumapili ile, siku mbili kabla, alinipigia simu. Nikamwambia, 'Mama, toka leo, natuma mtu wa pikipiki.' Akasema atakuja, amekwisha kufunga hata nguo. Lakini akasema, 'Ningojee Ijumaa, msichana afunge shule. Yeye ndiye mwenye kitabu. Aje aone vijiti, aseme yeye, iwe kitabu ndicho kimenihamisha.' Nikamuuliza vijiti gani, akacheka tu. Akasema, 'Nikitoka sasa mimi mwenyewe, huyu kijana wangu watamvalisha sketi.'"